Ramani ya reli ya mfano kuwa paneli ya kompyuta: jibu kwa mwalimu wa Mtwara

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa Mtwara. Klabu yetu ya sayansi inajenga reli ya mfano ya ile reli ya zamani ya Kusini: Mtwara bandarini, Ruo, Mkwaya na Nachingwea. Reli zenyewe ni za H0 (kipimo cha 1:87), tulipewa na shule rafiki ya nje pamoja na vichwa viwili vya treni vyenye dekoda, yaani kifaa cha ndani kinachopokea amri. Ramani nimeshaichora kwa XTrackCAD, programu ya kuchora reli za mfano, mita 4 kwa 1, ina pointi 9, yaani mahali reli inapogawanyika: tatu Mtwara, tatu Ruo, mbili Nachingwea na moja Mkwaya. Sasa nataka wanafunzi wakae kwenye kompyuta, wabofye pointi igeuke, na waone treni ilipo. Je, kompyuta inaweza kuigeuza ramani hiyo yenyewe kuwa paneli, yaani mchoro wa skrini wa kuongozea treni? Ni lazima tununue vifaa vya bei kubwa? Na wanafunzi wanaweza kuendesha kwa simu?

JIBU: Salaam, Mwalimu, na pole na majukumu. Swali lako la kwanza ndilo lenye kazi. Hayo mengine mawili yatajijibu yenyewe ukishalimaliza hilo, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Picha ya ramani yako inaweza kuingia kwenye programu ya paneli kwa dakika chache. XTrackCAD inatoa picha, programu ya paneli inaipokea kama mandhari ya nyuma, nawe unaweza kufuatisha mistari juu yake mpaka vitu viwili vifanane kabisa. Ukifanya hivyo utapata mchoro unaopendeza ukutani, ila mwanafunzi akikaa nao kuendesha treni atahangaika. Ushauri wangu ni kwamba ramani hiyo iache ifanye kazi yake ya kutandaza reli, halafu paneli uichore upya, kwa mkono wako, ukianzia kwenye karatasi.

Ramani yako imechorwa kwa ajili ya anayetandika reli. Inamwambia kona ina mzingo gani, meza inaishia wapi, kipande kipi cha reli kinaungana na kipi. Anayeongoza treni hayo hayamhusu hata kidogo. Yeye anataka kujua mambo matatu: njia ipi iko wazi, pointi imelala upande gani, na je, nikiruhusu treni hii itoke, itagongana na nini. Ndiyo maana hata kwenye reli kubwa, tangu mfumo wa kuongoza treni kutoka chumba kimoja ulipowashwa mwaka 1927 kule Ohio, Marekani, kati ya Stanley na Berwick, mbele ya mwongozaji hakuwekwa ramani ya nchi bali michoro ya mistari iliyonyooshwa. Hakuna mito wala milima pale. Kuna njia, pointi na taa.

Kama bado una shaka, fanya hesabu na wanafunzi. Kompyuta mpakato nyingi za shuleni zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Tuseme pikseli 1300 za upana ndizo zinabeba meza yako ya mita 4. Kila pikseli inabeba milimita 3 na kidogo. Njia mbili za bandarini Mtwara zikiwa na nafasi ya sentimita 5 kati yake, kwenye skrini zitaachana kwa pikseli 16 tu. Kwa kipanya mtu atajitahidi. Kwa kidole kwenye tableti atabofya njia ya jirani. Wakati huohuo kile kipande kirefu cha kutoka Mtwara kwenda Ruo, kama kina mita moja na nusu bila pointi hata moja, kitakula karibu pikseli 490 ambazo hakuna cha kubofya. Yaani pale penye kazi pamebanwa, pasipo na kazi pamepewa nafasi. Paneli nzuri hufanya kinyume: inapanua stesheni na kufupisha njia ya katikati mpaka ibaki kijimstari.

Kwa hiyo zima kompyuta kwanza. Chukua karatasi, ilaze upana, chora Mtwara kulia, Nachingwea kushoto, Ruo katikati, na Mkwaya ining'inie chini au juu ya Ruo, upande wowote usiosumbua. Kona zote zinyooshe. Hata kama kwenye meza njia inazunguka na kurudi, kwenye paneli iende moja kwa moja. Kitu pekee kinachotakiwa kubaki kweli ni mpangilio: nini kinafuata nini, na pointi inagawa njia kuelekea upande gani.

Hapa tuingie Ruo, maana ndipo patakapokutoa jasho. Kwa maelezo yako pana pointi tatu. Nitaziita P1, P2 na P3. Ukitoka mashariki, njia ya Mtwara na njia ya Mkwaya zinakutana P1. Mbele kidogo P2 inagawa njia kuwa mbili, ile kuu na ile ya kupishania. Mwisho wa stesheni P3 inaziunganisha tena kuelekea Nachingwea. Kwa macho, hiyo ni stesheni moja ndogo. Kwa paneli, hivyo ni vipande vinne, bila kuhesabu njia tatu zinazoingia.

Ninaposema kipande nina maana ya urefu wa reli ambao kompyuta inaujua kama kitu kimoja: ama una treni, ama hauna. Hakuna nusu. Kama kipande kimeanzia P1 na kuishia P3, basi kichwa kimoja kilichosimama popote hapo katikati kitaipaka Ruo nzima rangi nyekundu, na mwanafunzi hatajua kama njia ya kupishania iko wazi. Upishanaji wenyewe, ambao ndio utamu wa Ruo, utakuwa hauonekani kwenye skrini.

Gawa hivi. Mdomo wa mashariki, yaani mwingilio wenye P1 na P2, uwe kipande chake. Njia kuu kipande chake. Njia ya kupishania kipande chake. Mdomo wa magharibi, wenye P3, kipande chake. Watu wengi huunganisha mdomo wa magharibi na njia ya kwenda Nachingwea ili kupunguza nyaya, na mimi nawapinga. Treni ikiwa mbali huko inakaribia Nachingwea, kompyuta itaona P3 ina treni juu yake na itaikataa isigeuzwe, ingawa hapo Ruo hakuna hata behewa. Utapanga pishano la treni mbili na halitawezekana. Ukiitenga P3, inafungwa tu pale ambapo kweli kuna magurudumu juu yake, na hapo ndipo unapotaka ifungwe: pointi ikigeuka chini ya behewa, magurudumu ya mbele yanakwenda njia hii na ya nyuma njia ile.

Kanuni hiyohiyo ipeleke stesheni nyingine. Mtwara yenye pointi tatu zinazofuatana kama ngazi itakuwa na njia nne na mdomo mmoja. Nachingwea, pointi mbili, njia tatu na mdomo. Mkwaya, ambayo ina pointi moja tu, sina ubishi ukiunganisha mdomo wake na njia yake. Ni tawi la mwisho, treni moja inatosha kuwa huko. Jumla yako itafika vipande 18 hivi. Kiasi hicho kinabebeka.

Kidogo kuhusu historia, kwa sababu inagusa mchoro. Reli ile ilianza kujengwa wakati wa Mpango wa Karanga, ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, na ilianzia Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, kwa kuwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilikuwa bado. Mtwara ilifunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya mpango wenyewe kusitishwa. Kwa hiyo klabu ikiamua kuonyesha enzi za karanga, njia ya Mtwara hadi Ruo haitakiwi kuwepo kabisa, na Mkwaya ndiyo bandari. Mkichagua miaka ya mwisho ya hamsini, Mtwara ndiyo mwanzo, na kuna tawi la Masasi pia. Mwanzoni mwa miaka ya sitini reli yote ikafungwa. Naona umeweka Mtwara na Mkwaya pamoja, basi ni hiyo ya miaka ya hamsini. Kama Masasi haijapata meza, iwekee kijimstari cha mwisho kwenye paneli chenye jina lake, ukiacha nafasi. Na wakikuuliza wanafunzi: reli ile ilikuwa ya upana wa mita moja, ambayo kwa kipimo cha 1:87 ni milimita 11.5, wakati reli zenu za H0 ni milimita 16.5. Wataalamu wa Ulaya hutumia reli za milimita 12 kwa kazi hiyo. Nyinyi endeleeni na mlichopewa.

Sasa majina. Kabla hujagusa programu, tengeneza jedwali kwenye daftari, lenye safu nne: kitu chenyewe, jina la kwetu, anuani ya umeme, na kilipo chini ya meza. Jedwali hilo ndilo paneli hasa. Mchoro wa skrini ni nguo yake tu. XTrackCAD inajua kwamba hapa kuna pointi ya kulia yenye urefu fulani. Haijui kwamba mota yake imeunganishwa tundu la tano, wala kwamba kihisi cha njia ya kupishania, yaani kifaa kinachogundua treni, ni pini ya 31. Hayo hakuna programu itakayokubashiria.

Jina la kwetu liwe la mahali, si la waya. Andika "Ruo P3", "Ruo kupishania", "Mtwara njia 2". Usiandike "mota 5". Siku bodi itakapoungua na ukahamishia waya tundu la saba, unabadilisha anuani mahali pamoja, na mchoro, masharti na kila kitu kinachotumia jina la "Ruo P3" kinaendelea kama kawaida. Shule ambayo walimu na wanafunzi wanabadilika kila mwaka haiwezi kuendesha paneli yenye majina ya namba tupu.

Programu ninayokushauri ni JMRI, hasa sehemu yake iitwayo PanelPro. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inatumia Java, na inakaa kwenye Windows, Mac, Linux, hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ndani yake kuna namna kadhaa za kuchora paneli. Wewe chagua Layout Editor. Ile iitwayo Panel Editor inakutaka upange picha moja moja, mstari hapa, mstari pale, nayo haijui kama mstari huu umeungana na ule. Layout Editor inajua muungano. Ukiiambia kwamba njia hii inaishia kwenye pointi ile, yenyewe inaelewa treni inaweza kupita wapi, na faida ya hilo utaiona baadaye ukitaka taa za ishara.

Uchoraji wenyewe ni huu. Unawasha hali ya kuhariri. Unachagua aina ya kitu juu, mfano pointi ya kushoto, unashikilia Shift na kubofya pale unapoitaka. Ukishaweka pointi na nukta za mwisho wa njia, unashikilia Shift tena, unaburuta kutoka ncha moja hadi nyingine, na reli inachorwa. Anza na pointi zote tisa kwanza, kisha ndipo uunganishe. Anayeanza na njia huishia kusogeza kila kitu mara mbili. Kila reli na kila pointi ukiibofya kwa kitufe cha kulia inakuletea menyu ya kufungulia dirisha la kuhariri, na humo ndimo unapoandika jina la kipande. Usipoandika, mstari utabaki wa rangi moja hata treni ikikaa juu yake mchana kutwa.

Kwenye pointi angalia mambo mawili. La kwanza ni kwamba JMRI inaziita hali mbili za pointi CLOSED na THROWN: ya kwanza kwa kawaida ni njia iliyonyooka, ya pili ni iliyopinda. Mota yako ikifungwa kinyume, skrini itasema imenyooka wakati kwenye meza imepinda. Kwenye dirisha la kuhariri kuna mahali pa kuchagua hali ipi ndiyo ya kunyooka. Rekebisha hapo au kwenye mota, lakini amua mtindo mmoja kwa pointi zote tisa. La pili, kwenye menyu ya kitufe cha kulia kuna kisanduku cha kuizuia pointi isigeuzwe kwenye paneli kipande chake kikiwa na treni. Kitie alama. Ndicho kinachofanya ule mgawanyo wa Ruo uwe na maana.

Ukihifadhi, chagua kuhifadhi mpangilio pamoja na paneli. Kuna chaguo jingine linalohifadhi majedwali peke yake, na mchoro wako unaachwa nje. Faili linalotoka ni la maandishi ya XML, dogo tu. Weka nakala kwenye flashi kila Ijumaa.

Halafu, kabla hujanunua hata waya, jaribu yote hewani. JMRI ina viunganishi vya kuigiza ambavyo havihitaji kifaa chochote. Fungua jedwali la vihisi, bofya kihisi cha "Ruo kuu" kiwe ACTIVE (yaani kimeona treni) kwa mkono, uone kama mstari unaofaa unabadilika rangi. Mwanafunzi mmoja awe treni, atembee kwa kidole kwenye ramani ya karatasi akitaja vipande. Mwingine abadilishe vihisi. Wa tatu aangalie paneli. Makosa mengi ya mgawanyo yanaonekana hapo, wakati kuyarekebisha ni kufuta mstari badala ya kukata reli.

Tuje kwenye vifaa, na swali lako la pili. Si lazima ununue mitambo ya kampuni kubwa. Kwa kuwa vichwa vyenu vina dekoda, mnahitaji kituo cha kutuma amri za DCC, yaani mfumo ambao umeme wa kuendesha na amri vinapita kwenye reli zilezile mbili. Mradi wa DCC-EX unakuwezesha kujenga kituo hicho kwa Arduino Mega 2560, bodi ndogo ya kielektroniki inayopokea programu, na bodi ya kuendeshea mota juu yake. Vyote hivyo unavipata Kariakoo, vikaja kwa basi. Bodi ya kawaida ya Arduino inabeba ampea 2 kwa kila upande, na kwa vichwa viwili inatosha. Ila angalia jambo moja: umeme wa reli za H0 huwa voltu 14 au 15, na bodi ile ina kijinjia kwa chini kinachopeleka umeme huohuo kwenye Arduino. Kimeandikwa VIN CONNECT. Kikate kwa wembe kabla ya kuwasha. Usipokikata, Mega itakula voltu ambazo haikuumbiwa.

Pointi zigeuzwe na mota ndogo za sevo, zile za SG90. Bodi ya PCA9685 ina matundu 16, nawe una pointi 9, kwa hiyo bodi moja inatosha na chenji inabaki. DCC-EX inaitambua bila kuandika programu. Matundu yake yanahesabiwa kuanzia 100. Amri ya kuitambulisha P3, ikiwa kwenye tundu la nne, inafanana na hii:

<T 23 SERVO 103 410 205 2>

Namba 23 ni kitambulisho, 103 ni tundu, 410 na 205 ni mahali mota inaposimama kwa kila upande, na 2 ya mwisho ni mwendo wa kati. Hizo mbili za kusimamia utazitafuta mwenyewe kwa kupandisha na kushusha kidogo kidogo mpaka ulimi wa pointi, yaani ile reli inayosogea, uguse reli ya pembeni bila kuisukuma. JMRI ikiunganishwa kwa kebo ya USB itaiona pointi hiyo kama DT23, na hapo ndipo jedwali lako la daftari linapokutana na jedwali la kompyuta. Sevo usizilishe kutoka kwenye Arduino. Zipe chanzo chao cha voltu 5, hasi zote ziungane.

Jambo ambalo wengi hawaliambiwi: paneli inaonyesha amri iliyotumwa, si lazima ionyeshe kilichotokea. Ukibofya P3, mstari unageuka papo hapo, hata kama waya wa kuvutia ulimi umekatika. Ukitaka ukweli, weka swichi ndogo inayobonyezwa na ulimi wenyewe, iingie kama kihisi, kisha uiambie JMRI kwamba pointi hii inasoma jibu lake kutoka kihisi hicho. Kwa pointi tisa sioni haja ya kufanya hivyo kwa zote. Zile zinazoonekana kwa macho ziache. Zilizo nyuma ya kilima cha karatasi, au chini ya daraja, ziwekee.

Vihisi vya treni vina aina mbili unazozimudu. Ya miale ya infraredi ni rahisi na haigusi reli, ila inaona nukta moja tu, si kipande kizima, na jua la Mtwara likipenya dirishani saa nne asubuhi inaweza kusema treni imefika wakati iko ghalani. Mimi kwa vipande napendelea ya kupima mkondo: reli moja inakatwa mpakani na kuwekwa kiungio cha plastiki, umeme wa kipande unapitia daiodi, na mkondo ukipita, taa ndani ya kitenganishi cha mwanga inawaka na kuvuta pini ya Mega kwenye sifuri. DCC-EX ikiona sifuri kwenye pini hiyo, ambayo kwa kawaida rezista ya ndani ya Mega huishikilia juu, inatangaza kihisi kuwa ACTIVE. Mega ina pini 22 hadi 53 zilizo huru, yaani 32, na vipande vyako ni 18.

Kichwa kinakula umeme, kwa hiyo kitaonekana. Behewa halili. Behewa la karanga lililoachwa njia ya kupishania halipo kabisa kwa kompyuta, na hilo ni somo zuri la fizikia. Dawa yake ni rezista ya omu 10,000 kwenye ekseli moja, ikiunganisha magurudumu mawili. Kwa voltu 15 inapita miliampea 1.5, nacho kigunduzi kikitengenezwa vizuri kinaona kiasi hicho. Kumbuka daiodi zinakula kama voltu 1.4 njiani. Ukiziweka kwenye vipande vingine na vingine ukaviacha, kichwa kitabadilika mwendo kila kinapovuka mpaka, hivyo weka kushuka kulekule kila mahali, hata pale ambapo bado huna kigunduzi.

Msianze na vyote 18. Anzeni na Ruo peke yake, vipande vyake vinne na njia tatu zinazoingia, yaani saba. Ruo ikitii kwa muda, Mtwara ni kurudia tu.

Umeme ukikatika, na hilo sihitaji kukuelezea, ukirudi JMRI haijui pointi zimelala wapi. Itaandika UNKNOWN mpaka uzibofye. Tengeneza njia ya kuwashia, yaani orodha ya amri inayozipeleka pointi zote tisa kwenye hali moja inayojulikana, na uiendeshe kila asubuhi kabla ya treni yoyote kusogea. Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari unaacha utando kwenye reli, mkondo unakatikakatika, na kwenye paneli kipande kinawaka na kuzima kama kina mapepe. Kabla hujalaumu programu, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti. JMRI pia inakuruhusu kukichelewesha kihisi kisitangaze kuondoka kwa treni mpaka ipite nusu sekunde hivi. Itumie, ila reli uzifute kwanza.

La simu. JMRI ina seva ya wavuti ndani yake, kwa kawaida mlango (port) 12080. Kifaa chochote kilicho kwenye Wi-Fi moja na kompyuta hiyo kinafungua kivinjari, kinaandika anuani ya kompyuta na 12080, na paneli inaonekana na kubofyeka. Intaneti haihitajiki, ruta tupu isiyo na bando inatosha. Kuendesha vichwa vyenyewe kuna programu ya Android inayoitwa Engine Driver, nayo inaongea na JMRI kwa mlango 12090. Sheria ya simu shuleni unaijua kuliko mimi, hivyo nadhani ni tableti mbili za klabu, moja kwa mwongozaji na moja kwa dereva. Paneli nzima itakuwa finyu kwenye tableti ya inchi saba. Chora ya pili yenye Ruo peke yake, ndani ya faili lilelile, ukitumia majina yaleyale ya pointi na vipande. Hutaongeza waya hata mmoja, na atakayebofya P3 huku ataiona inageuka na kule.